Kibao cha Birika

Mzee Kasia hakujua kusoma, ndiyo maana vibao vya wanachama wa klabu ya mashua alivichonga picha badala ya majina. Anayeingia majini huhamishia kibao chake kwenye msumari wa majini. Akirudi, hukirudisha mwenyewe kwenye msumari wa nchi kavu. Mwingine haruhusiwi kukigusa, na lango halifungwi mpaka virudi vyote.

Cha marehemu mkewe kilikuwa na picha ya birika. Kila sherehe ya kufunga msimu, yeye ndiye aliyejitolea kupika chai. Alifia kitandani, si majini.

Msimu huu sherehe ilipokwisha na mashua zote kupandishwa, mzee alikwenda kufunga lango. Kibao cha birika kilikuwa upande wa majini, kinachuruzika maji.

"Nani kakigusa?"

"Tangu msiba hakuna aliyethubutu, shemeji," alisema katibu wa klabu. "Kirudishe tufunge, njaa inaniuma."

"Lini haikuumi?"

Mzee alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Sheria aliitunga mwenyewe. Akikigusa, atakuwa amemfungia mkewe nje.

"Nendeni. Mimi nangoja."

Akabaki peke yake, akabandika maji jikoni, akatoa vikombe viwili. Maji yalipochemka, nyayo zilizolowa zilisikika zikipanda ngazi taratibu kutoka majini. Nyuma yake kibao kiligonga ukuta, upande wa nchi kavu.

Hakugeuka. Alitia sukari vijiko vitatu katika kikombe cha pili, kama alivyopenda mkewe, ndipo akatoa ufunguo mfukoni.