Ya Sahani na ya Mkono

Katika Hoteli ya Highmoor, nyuma ya Government Road, bakshishi ilikuwa ya aina mbili, na kila weita aliijua tofauti yake kabla hajajua kubeba sinia. Ile iliyoachwa mezani, chini ya kisahani au kando ya kikombe, iliitwa ya sahani. Hiyo haikuwa ya mtu. Ilitumbukizwa ndani ya birika kubwa la bati lililokaa rafuni, karibu na mlango wa jikoni, na Jumamosi mchana ikagawanywa. Ile ambayo mgeni alimtia mtu mkononi, kiganja kwa kiganja, akimwita kwa jina lake, iliitwa ya mkono. Hiyo ilikuwa yako, na hata shetani hakuwa na ruhusa ya kuiulizia.

Hakuna aliyejua ni nani aliyeitunga sheria hiyo. Bendera ilikuwa imebadilishwa, barabara kadhaa za mji zilikuwa zimepewa majina mapya, lakini birika lilikuwa lile lile na mgao wake ule ule. Mkuu wa maweita alichota kwanza, kwa kiganja kilichopanuka. Maweita wakafuata. Makombo yakashuka kwa wapishi, na makombo ya makombo yakawafikia wasugua masufuria, watu ambao hakuna mgeni aliyewahi kuziona nyuso zao. Uhuru ulikuwa umefika hadi ukumbini. Mlango wa jikoni haukuwa umeupita.

Shem Were alikuwa mmoja wa maweita hao. Mtu wa Bungoma, mrefu, wa maneno machache, aliyetembea kati ya meza kana kwamba sakafu imelala na hataki kuiamsha. Alipanga chumba Riruta pamoja na mkewe Nanyama na watoto wao. Alikuwa ameanza kazi kwenye sinki, enzi za wakoloni, akapanda polepole hadi akavishwa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu. Kwa kawaida mtu akitoka sinkini akafika ukumbini husahau haraka harufu ya maji ya magadi. Shem hakusahau, na hilo ndilo lililomponza.

Mwaka wa 1968, wakati Wahindi wengi walipokuwa wakifunga maduka na kutafuta nafasi katika ndege za London, Bwana Rajinder wa Muthangari, Singasinga mfanyabiashara wa mbao, alikuja Highmoor kula chakula chake cha mwisho nchini. Kwa miaka mingi alikuwa akila meza ya dirishani, na miaka yote hiyo Shem ndiye aliyemhudumia. Siku hiyo alikuja na mkewe Kanchan, ambaye hakuinua macho tangu supu hadi kahawa. Walipoinuka, Bwana Rajinder aliushika mkono wa Shem kwa mikono yake yote miwili.

"Shem, asante. Wewe na wale wa nyuma mmenilisha kama ndugu."

Mikono ilipoachana, noti ya shilingi mia ilikuwa imebaki kiganjani mwa Shem, imekunjwa ndogo kama jani la chai.

Maweita wote waliona. Kihara, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha nyama, alimpokea mlangoni akicheka.

"Leo Riruta wanachinja! Ficha, Were, ficha! Hiyo ni ya mkono, isipate baridi!"

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Mutiso, msugua masufuria, ameinama juu ya sinki, mikono yake imezama hadi viwiko, ngozi imepauka kwa magadi. *Wewe na wale wa nyuma*, mgeni alikuwa amesema. Shem alifunua birika akaitia noti ndani. Karatasi haina mlio. Hata hivyo chumba kizima kilinyamaza kana kwamba kitu kimeanguka.

"Umefanya nini?" Kihara aliuliza. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni pake, limesahauliwa pale.

"Alisema ni yetu sote."

"Alisema kwa mdomo. Mkono ulisema ni yako."

Mkuu wa maweita, Zadock Awiti, alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa mtu safi, wa sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. Alitoa leso yake, akalipangusa birika kifuniko, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata maweita walizikuta kanzu zao zimetundikwa kwa mstari, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Mifuko yote ilikuwa imeshonwa midomo kwa uzi mweusi.

"Ndugu Shem ametuonyesha njia," Zadock alisema kwa upole. "Kuanzia leo hakuna tena ya mkono. Zote ni za birika. Na birika litakaa ofisini kwangu, lisiwatie watu majaribuni."

Kihara alipitisha kidole juu ya uzi ule, toka mwanzo hadi mwisho.

"Mtoto wangu anasoma huko Uthiru kwa ya mkono," alisema, bila kumtazama mtu. "Si kwa mshahara. Kwa ya mkono."

Hapo ndipo Shem alipokitambua alichokifanya. Alikuwa amekusudia kuwafungulia wa jikoni mlango. Badala yake alikuwa amemkabidhi Zadock ufunguo wa mifuko ya wote. Na Jumamosi ilipofika, mgao wa jikoni haukuongezeka hata kwa senti. Mutiso alimfuata hadi mlangoni.

"Were, ile noti ya Singasinga ilienda wapi?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Basi ungekula tu," Mutiso alisema, akarudi sinkini.

Tangu siku hiyo kitu kilianza kumzunguka Shem, kitu kisicho na jina. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa. Ila alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mazungumzo yalikatika kama redio iliyong'olewa waya. Alipoketi kunywa chai, benchi lilibaki tupu pande zote mbili. Viatu vyake alivikuta vimelowa, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Mchana mmoja aliinua sahani kubwa ya nyama iliyokuwa ikimngoja kwenye kaunta, akakuta chini yake ni moto kama bamba la jiko. Mtu alikuwa ameiweka juu ya makaa kwanza. Kuiangusha ni kufukuzwa. Aliibeba hadi mezani, akawapakulia wageni, akatabasamu, na aliporudi ngozi ya kiganja ilikuwa imebanduka.

Jioni Nanyama aliipaka samli ile mikono bila kuuliza mengi. Walioana wakiwa bado vijana. Alikuwa akimsoma mumewe hata gizani.

"Baba Nekesa, waambie ulikosea. Omba msamaha."

"Sikukosea, Mama Nekesa."

"Najua hukukosea. Nimesema waambie ulikosea."

Shem alicheka kidogo, na kucheka kukamuuma mikono.

Wiki ile ile Zadock alimwita ofisini. Birika lilikuwa juu ya meza kati yao.

"Kaa, ndugu yangu. Watu wananung'unika, wanasema mimi nawala. Wewe ni mwaminifu, kila mtu amekuona kwa macho. Jumamosi hii utagawa wewe."

"Mimi, Mzee?"

"Wewe. Gawa unavyoona ni haki. Sitaingilia."

Mtego mzuri huwa na sura ya heshima. Shem aliuona nusu yake. Alijua kwamba lawama zote zilizokuwa za Zadock zingehamia kwake. Lakini nusu nyingine ya moyo wake iliruka kwa furaha, kwa sababu tangu siku za sinki alikuwa akingoja kuulizwa haki ni nini.

"Kataa," Nanyama alimwambia, akikoroga uji bila kugeuka.

"Nikikataa atasema: mnaona? Hata yeye haitaki hiyo haki."

"Na ukikubali?"

Shem aliwatazama watoto waliokuwa wakigombania kijiko. Kama angepoteza kazi ile, mji huu haukuwa na kazi nyingine ya mtu wa umri wake asiye na mtu wa kumsemea. Alilijua hilo, na mkewe alilijua, na hakuna aliyelitamka.

Jumamosi aligawa juu ya meza ndefu ya wafanyakazi, mbele ya macho ya wote. Alipanga mafungu sawasawa: wa ukumbini sawa na wa jikoni, Zadock sawa na Mutiso. Fungu lake mwenyewe alilipanga mwisho, kama inavyompasa mgawaji. Watu wa jikoni walisogea kwanza. Mutiso alilitazama fungu lake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba akaambiwa ni yake. Peres, mama aliyemenya viazi, alifunga la kwake katika pembe ya kitambaa na kusema "Mungu akuone" kwa sauti iliyosikika kidogo tu.

Maweita hawakusogea.

"Kihara, chukua, ndugu," Shem alisema.

"Sichukui."

"Kwa nini?"

"Were, mimi natabasamu toka asubuhi. Mtoto wa mzungu ananiita *boy*, mimi na mvi zangu, nacheka. Bakshishi ni bei ya haya meno yangu. Mutiso anamchekea nani? Sufuria?"

Baadhi yao walicheka, kicheko kikavu.

"Ungelijua hilo sufuria," Mutiso alijibu, "ungejua na lenyewe lina matusi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kihara aligeuka akatoka. Mwingine akamfuata, na mwingine, hadi upande wao wa meza ukabaki na mafungu yasiyo na wenyewe. Shem aliyatazama. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kwa matusi, hata kwa ngumi. Kwa kile kimya hakuwa na dawa.

Zadock aliingia taratibu. Aliyakusanya mafungu yale yote, akayarudisha ndani ya birika.

"Kitu kisicho na mwenyewe ni cha nyumba," alisema. Akiwa mlangoni aligeuka. "Kesho Jumapili, ukumbi utajaa. Pumzika vizuri, ndugu Shem."

Siku iliyofuata, mchana, watu walitoka makanisani na watalii wakashuka kutoka vyumbani. Katika Highmoor mgeni hakujichagulia meza. Mkuu wa maweita alimpokea mlangoni, akainama, akamwongoza hadi kitini. Zadock aliipokea familia ya kwanza, akaiketisha upande wa dirisha, upande wa Shem. Akaipokea ya pili, akaiketisha hapo hapo. Ya tatu hapo hapo. Shem aliinua macho akaona namna ukumbi ulivyokuwa ukijaa. Upande wake hapakuwa na kiti kilichobaki wazi. Upande mwingine maweita walikuwa wamesimama ukutani, mikono nyuma, mbele ya vitambaa vyeupe ambavyo hakuna mgeni aliyevikunjua.

Hakuna aliyegoma, hakuna aliyevunja sheria. Mtu mmoja tu alikuwa akishindwa kazi mbele ya meneja.

Alianza kukimbia kwa siri, kukimbia kunakofanana na kutembea. Supu ilipoa. Wageni walianza kualisha vidole hewani, *boy, boy*, tumengoja mno. Mzee mmoja aligonga glasi kwa uma. Meneja, aliyekula kwenye meza yake ya pembeni, aliinua macho mara moja, akayainua tena, kisha hakuyashusha. Jasho lilimwingia Shem kwenye kiganja kilichoungua, na sinia likaanza kuteleza. Alipita karibu na Kihara.

"Nisaidie samaki tu. Meza mbili tu."

"Meza zangu ndizo hizi," Kihara alisema. Alizitazama meza zake tupu, asimtazame Shem.

Shem aliisukuma milango ya jikoni, akaona sahani za samaki zimejaa kaunta, zinapoa, na akajua kwamba hatazimaliza. Alichukua alizoweza kubeba, akatoka. Alikuwa katikati ya ukumbi aliposikia milango inafunguka tena nyuma yake, na mazungumzo ya meza za karibu yakikatika.

Ni Mutiso. Alikuwa amevaa aproni iliyolowa na buti za mpira, maji yakimdondoka viwikoni, na mikononi amebeba sahani nne za samaki kama mtu abebaye watoto wachanga. Mtu wa jikoni kukanyaga zulia lile ilikuwa kufukuzwa papo hapo, bila barua wala swali.

"Meza gani, Were?"

"Rudi," Shem alinong'ona. "Mutiso, rudi ndani."

"Nimekuuliza meza gani."

Nyuma yake milango ilipepea tena, akatokea Peres na bakuli la viazi, kitambaa chake kimekaa upande, macho yamemtoka kwa woga. Nyayo za maji za Mutiso zilikuwa zimeandamana juu ya zulia jekundu, moja baada ya nyingine, hadi alipokuwa amesimama. Mtoto wa kizungu alizinyooshea kidole akacheka. Mamaye akamshika mkono.

Zadock hakuwaendea. Alikwenda kwenye meza ya pembeni, akainama, akaongea sikioni mwa meneja. Meneja alikisikiliza chote alichoambiwa. Akafuta mdomo, akaweka kitambaa kando ya sahani, akasimama.

Ukutani hakuna weita hata mmoja aliyesogea.

Shem aliwatazama wale wawili waliotoka kumfuata. Njia nzima ya kurudi Riruta ilimpita machoni, na Nanyama mlangoni, na swali ambalo hangeuliza. Meneja alikuwa amekwisha kuuvuka nusu ya ukumbi.

"Ile ya dirishani," Shem akasema. "Peres, viazi kwa yule mzee. Haraka, jamani, tuwape wote kabla hajafika."