Nyumba Mbili za Yaya

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, niliwakuta wazazi kwenye ngazi za kanisa letu hapa Brussels, kila mmoja ameinamia simu yake. Walikuwa wakipima umbali kutoka mlango wa nyumba hadi lango la shule ya sekondari, maana hapa shule ikiwa na waombaji wengi, anayekaa karibu humtangulia anayekaa mbali. Mama mmoja alisema bora wahame kabisa. Baba mmoja aliuliza kama shule yenye Kilatini ina faida kuliko ile ya ufundi iliyo ng'ambo ya mfereji. Kisha yule mama akanigeukia.

"Bon, wewe ulisomaka, uko na diplome. Tuambie, mutoto tumupeleke wapi?"

Nilimwambia nitafikiri. Kufikiri nakujua, nina shahada, na tangu niipate sijapata kazi nyingine. Lakini nilirudi nyumbani nikakaa na koti langu mwilini, na mtu niliyekuwa namfikiria hakuwa mtoto wa yule mama. Nilikuwa namfikiria yaya.

Kwetu watu wa Bukavu, yaya ni dada mkubwa. Wangu alinizidi miezi michache tu, lakini miezi hiyo aliitumia yote: ndiye aliyechagua kitanda cha dirishani, na ndiye aliyeamua nani aoshe sufuria iliyoganda fufu, ugali wetu wa muhogo. Alikuwa mtoto wa baba mdogo, mdogo wake baba yangu. Mama yake alifia Bukavu, na baba mdogo akaja naye Ulaya akiwa angali mgongoni. Baba mdogo alikaa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, juu ya saluni ya kusuka nywele. Sisi tulikaa Etterbeek pamoja na bibi yetu, Koko. Kwa kuwa baba mdogo alikuwa akisafisha ofisi kabla jua halijachomoza, yaya alilala kwetu siku za masomo, na Ijumaa tulimrudisha kwa baba yake.

Ungetuona Ijumaa hizo! Barabara ya Wavre inaanza pale Porte de Namur, inapita Matonge na kushuka hadi kwetu, kwa hiyo nyumba zetu mbili zilikuwa kwenye barabara moja. Tulipanda nayo kwa miguu, Koko katikati, akisimama kila duka kuuliza bei ya vitu asivyonunua. Kwenye maduka ya Matonge palinuka makayabu, wale samaki wa chumvi, na mafuta ya mawese, na muziki wa saluni moja uliingia ndani ya muziki wa saluni nyingine. Baba mdogo alikuwa akitungoja dirishani. Akituona alipiga kioo kwa pete yake, na yaya aliniachia mkono papo hapo akakimbia. Kila Ijumaa aliniachia mkono vile, na kila Ijumaa niliona wivu.

Tulipofika darasa la sita, watu wazima wakaanza kusema mambo ya shule. Karibu na kwetu palikuwa na shule ambayo kila mzazi aliitaja kwa sauti ya chini, kama jina la dawa: Kilatini, hesabu nyingi, njia ya moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mimi ningeipata kwa sababu ya anwani. Yaya, ambaye kwa kila somo alinishinda, aliandikwa kwa baba yake Matonge, na watoto wengi walikaa karibu na shule kuliko yeye. Mama yangu akapendekeza tumhamishie yaya kwenye anwani yetu. Siku hiyo tulikuwa tumekula sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo wa sambaza, na sahani zilikuwa bado mezani.

Baba mdogo akamwambia baba: "Donc, kaka, mutoto wangu sasa ataandikwa wa kwako?"

"Ni karatasi tu," baba alisema.

"Karatasi njo inasemaka muntu ni wa nani huku. Ule mutoto njo kintu yote niko nayo."

Koko, aliyekuwa akitoa miiba ya samaki kwenye meno, akasema maneno aliyozoea kuyasema: "Mutoto hana mulango moya." Hakuna aliyejua alikuwa upande wa nani. Mimi na yaya tulikuwa kwenye korido, migongo ukutani, na nilimshika mkono mpaka ukalowa jasho. Mwishowe baba mdogo akakubali. Aliomba tu kwamba yeye mwenyewe ndiye amwambie yaya. Walitembea wawili hadi mwisho wa barabara na kurudi, na sijui walisema nini.

Hapa mtu akihamia anwani mpya, polisi wa mtaa hupita kuangalia kama kweli anaishi pale. Mama alitufundisha jibu: kitanda hiki hapa, mswaki huu hapa, ndiyo, ninaishi hapa kila siku. Tuliigiza jikoni, mimi nikiwa polisi na kofia ya baba, yaya akijibu bila kukosea huku akinichekea.

Polisi mwenyewe alikuja Jumamosi. Yaya alikuwa amebaki kwetu wiki hiyo makusudi. Wazazi hawakuwepo. Koko alikuwa akikaanga mikate, ile ya mviringo, na nyumba nzima ilinuka sukari na mafuta. Kwa Koko mgeni hasimami mlangoni.

"Ikala, baba," akamwambia, akamvutia kiti na kumwekea sahani. Yule mtu, mpole, masharubu mekundu, akala na kusifu, kisha akauliza kama msichana huyu anaishi hapa. Koko akamgeukia yaya.

"Mwambie huyu baba: mutoto huyu eko na nyumba mbili. Huku analalaka siku za masomo, kule analalaka kwa baba yake. Ni mutoto wa baraka, kila mulango unamujua."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kitambaa kizuri. Nilimtazama yaya. Alisimama wima, mikono nyuma, akatafsiri yote kwa Kifaransa safi cha kupatia alama kumi. Hakuruka hata lile neno baraka.

Polisi akashukuru na kwenda zake. Baadaye tukajibiwa kwamba yaya ataendelea kuhesabiwa wa Matonge. Mama alilia. Koko hakuelewa kosa lilikuwa wapi, maana alikuwa amesema kweli na mgeni alikuwa amekula.

Nimeliwaza hili hadi nimelichosha. Pengine yaya alikuwa mtoto aliyelelewa kutobadili maneno ya mkubwa. Pengine alimwona baba yake akilini, yuko dirishani, akipiga kioo na hakuna mtoto barabarani. Kuna siku najiambia alichagua, kuna siku najiambia mtoto wa umri ule hachagui kitu. Sijawahi kumuuliza. Mwanzoni niliogopa jibu, halafu ikawa hatuna tena mazoea ya kuulizana mambo.

Mimi nikaenda kwenye Kilatini. Yaya akaenda shule ya ufundi ng'ambo ya mfereji, palipobaki nafasi, na huko walimweka kwenye ususi wa nywele, kwa kuwa, walisema, ana mikono mizuri. Saa zetu hazikupatana tena. Kitanda cha dirishani nikakipata bila kukiomba. Kisha baba mdogo akapata kazi Liège, na Ijumaa zikaisha.

Koko alipofariki tulikutana kwenye matanga, katika ukumbi wa parokia. Tuliosha sahani pamoja, yeye akiosha, mimi nikipangusa. Nilitaka kusema naye Kiswahili cha Koko, lakini kilitoka kwa shida kwetu sote wawili, tukarudi kwenye Kifaransa. Aliniuliza kule shuleni tulisoma nini hasa. Nikamwambia Kilatini, miaka sita.

"Na kinasemwa wapi?"

"Hakuna mahali. Waliokisema walikufa wote."

Akacheka, kicheko chake kilekile, mpaka mwanamke wa pembeni akauliza sisi ni nani kwa nani. Yaya akajibu, "C'est ma cousine," yaani binamu yake, si mdogo wake, akaendelea kusugua sufuria.

Nilimsindikiza hadi kituo cha treni. Tukasoma saa za treni ukutani. Ilipofika akanibusu shavu, mara moja, kama wanavyobusiana watu wa hapa. "Bon, on s'appelle," akasema, yaani tutapigiana simu, maneno ambayo mji huu mzima huyatumia kuagana na mtu ambaye hutamtafuta.

Nami nikamjibu, kwa sauti ya kuchangamka, kwamba ndiyo, tutapigiana.