Wanjuhi na Kiti cha Mzee Oketch

Gari dogo jeupe lilisimama langoni kwa Wanjuhi saa tatu asubuhi, yeye akiwa ameshika ndoo ya maziwa. Bwana mmoja aliyevaa tai akachungulia dirishani.

"Habari ya asubuhi, shosho. Kwa Tecla wa Viti ni hapa?"

"Tecla wa nini?"

"Wa viti vya magurudumu. Nimemwona Facebook. Nimeleta kimoja kutoka Nakuru, kilikuwa cha marehemu mama."

Wanjuhi aliweka ndoo chini polepole. Hatua kumi nyuma yake ilikuwa stoo ya mabati, na ndani ya stoo mlikuwa na viti kumi na vinne, magongo, na debe la vipuri. Ufunguo wa stoo ulining'inia shingoni mwake. Ulikuwa hapo tangu Kimotho, mume wake, alipokufa.

"Vuka barabara," alisema. "Nyumba yenye geti la kijani."

Halafu akasimama palepale, maziwa yakipoa, akatazama ng'ambo jinsi Tecla alivyotoka na leso mpya kichwani, akamshika mgeni mikono miwili, akampiga picha na kiti chake. Adhuhuri Tecla alikisukuma kiti hicho kuvuka barabara ya vumbi, akakileta stoo.

"Mama Njenga, tumebarikiwa!"

"Nimeona," Wanjuhi akajibu, na akafungua kufuli bila kumkaribisha chai.

Sasa, hawa wawili wanajuana tangu wakivaa sare moja. Mtihani wa darasa la saba, mwaka wa sabini na mbili, Wanjuhi alikuwa wa kwanza na Tecla wa kumi na tisa. Tecla ndiye aliyekuwa akiazima kalamu. Wakaolewa kwenye mgongo huu huu wa mlima wa majani chai, juu ya Fort Ternan, na bado Tecla ndiye aliyekuja kuuliza mbegu ya viazi, dawa ya ng'ombe, jinsi ya kuandika barua kwa chifu. Mmoja alikuwa mbele, mwingine nyuma, na hakuna aliyelalamika.

Kiti cha kwanza alikitengeneza Kimotho, fundi wa baiskeli, mwaka wa themanini na saba. Binti yao Shirley alikuwa amelemazwa miguu na polio, na shule ilikuwa mbali. Kimotho akachukua kiti cha jikoni na magurudumu mawili ya baiskeli, akachomelea, na Shirley akasukumwa shule mpaka akamaliza. Leo ni karani Londiani. Watu walipoona, wakaja kuomba. Kikazaliwa kikundi, kikaitwa Tusukumane: unaazima kiti bure, ukipona unarudisha, ukifa watu wako wanarudisha. Wanjuhi akawa mwenyekiti. Alizunguka kanisa hadi kanisa akitangaza, Kipkelion, Soin, hata Siongiroi alifika kwa lori la ng'ombe. Tecla kazi yake ilikuwa kupika chai siku ya mkutano.

Mpaka mwaka jana Tecla alipokwenda semina ya siku mbili Kericho, ya kufundisha vikundi vidogo kujitangaza bila gharama. Alirudi na karatasi moja aliyoiandika mwenyewe, na Wanjuhi aliisoma akacheka. Ukurasa wa Facebook ni bure. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mtu mmoja, hadithi moja, ombi moja. Jibu kila anayeuliza. Shukuru kwa jina.

"Hiyo ndiyo semina ya siku mbili?" Wanjuhi alimwuliza. "Hayo si mambo ya mtoto wa nasari?"

"Ni kweli, ni rahisi," Tecla alisema, akicheka pia. Hakuona aibu. Hilo ndilo lililomchoma Wanjuhi baadaye, kwamba Tecla hakuona aibu hata kidogo.

Sasa viti vilikuwa vinakuja kila mwezi kutoka kwa watu wasiojulikana, na wote walipotea njia wakimtafuta Tecla. Katibu, Kiplangat, akaleta pendekezo: stoo ihame, iende kwenye chumba cha kanisa kilicho barabarani, pua na mdomo na geti la kijani la Tecla. Kura ingepigwa Jumamosi.

Wanjuhi hakulala vizuri wiki hiyo. Stoo ikihama atabaki nani? Mwanamke mzee mwenye ng'ombe wawili. Akajiambia, kama ni simu, hata mimi ninayo simu. Mwanawe Njenga alikuwa amemtumia moja kubwa kutoka Nairobi, na ilikuwa kabatini ndani ya soksi. Akaitoa. Kabla ya Jumamosi ataleta viti vingi kuliko Tecla, halafu tuone nani atahamishwa.

Jumanne alifungua ukurasa. Alivitoa viti vyote, akaviosha kwa sabuni ya unga, akavipanga uani kama askari wa gwaride, akavipiga picha vikiwa vitupu. Mgonjwa humpigi picha, alijiambia, hiyo ni kumvua nguo. Chini ya picha akaandika historia ya Tusukumane tangu themanini na saba, na majina ya wenyekiti, waweka hazina, na machifu wanne. Ilimchukua mchana kutwa. Jioni waliopenda walikuwa watatu: Njenga, mke wa Njenga, na yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo Tecla alikuwa ameweka picha ya Mama Bochaberi, aliyechuma majani miaka thelathini mpaka mgongo ukakataa. Ameketi kitini penye kivuli, anaangalia shamba. Tecla aliandika: "Anasema alikuwa hajauona mlima huu tangu Pasaka. Bado wawili wanangoja kiti." Basi. Maneno hayo tu. Watu mia nne.

"Mia nne!" Wanjuhi alimwambia ng'ombe. "Kwa sentensi mbili!"

Jumatano akaja na akili nyingine. Kwenye WhatsApp alikuwa katika makundi kumi na tisa, maana nani hajaingizwa na jirani, mara harusi, mara harambee, mara wazazi wa shule? Aliyachukulia kama makanisa yake ya zamani. Akaandika tangazo moja: "Je, nyumbani kwenu kuna kiti cha magurudumu ambacho mwenyewe hakihitaji tena? Kisikae bure. Kileteni leo. Wanjuhi, Mwenyekiti." Akalituma kote kumi na tisa, bila kusoma majina ya makundi.

Kundi la kumi na moja lilikuwa la mazishi ya Mzee Oketch.

Mzee Oketch alikuwa mtu wa reli, amestaafu Fort Ternan, na kiharusi kilimweka kwenye kiti miaka sita. Alikuwa amekufa Jumapili.

"Mama, mzee hata hajatoka mochari," mtu akaandika.

"Si mngoje basi azikwe!"

"Mnataka na viatu?"

"Admin, toa huyu."

Wakamtoa. Lakini wakati huo wengine walikuwa wameshapiga picha maneno yake, na kufikia saa kumi picha hiyo ilikuwa imepanda mlima, ikamfikia Kiplangat, ikafika kanisani, ikafika pale wanawake wanapongoja lori la majani. Wanjuhi alifika na kikapu chake, kicheko kikakatika ghafla. Aliwajua vizuri waliokuwa wakicheka. Nusu yao watoto wao walipita kwenye viti vyake.

Alhamisi asubuhi Tecla alivuka barabara.

"Nimewaandikia watu wa Mzee Oketch," alisema. "Nimesema ni sisi Tusukumane tumekosa, na tunaomba radhi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nilikosa mimi. Kwa nini unachukua hata kosa langu? Viti umechukua, jina umechukua, na kosa pia unataka?"

Tecla alimwonyesha viatu mlangoni. "Vaa viatu, Mama Njenga. Twende kwa Moureen, tuombe msamaha kwa mdomo. Na Nyabate, yule anayemwombea mjukuu wake kiti kwenye ukurasa, anakwenda huko huko Fort Ternan na mtoto, tutashuka pamoja."

Moureen, binti wa marehemu, aliwapokea chini ya turubai. Wanjuhi alisema maneno yake akiwa amesimama, bila kupunguza. Moureen alimsikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Nimesikia, mama. Kiti tutatoa, baba mwenyewe alisema kitolewe. Lakini sikupi wewe." Akamgeukia Tecla. "Nampa huyu. Yeye huwa anasema asante."

Hakuna kofi linalouma hivyo. Wanjuhi aliangalia chini, akaona viatu vya Tecla, vimepakwa rangi, na akatamani ardhi immeze mmoja wao, yeyote.

Kiti kililetwa. Nyabate, ambaye mjukuu wake wa miaka saba alikuwa akibebwa mgongoni tangu mvua za masika, alianza kulia. Tecla akaomba ruhusa, akapewa, akatoa simu. Mtoto akaketishwa. Kila mtu akasema ah.

"Mtoe," Wanjuhi alisema.

"Mama, tafadhali," Moureen akasema.

"Mtoe, nasema! Mzee alikuwa mpana. Angalieni nyonga." Alikuwa ameshapiga magoti, anapima kwa shibiri, kiti, kisha mtoto, kisha kiti tena. "Nusu shibiri imebaki kila upande. Atalala upande mmoja, mgongo utapinda, na miguu inaning'inia. Mwaka mmoja tu mtamrudisha kwangu amekunjika. Huyu anataka kile chembamba cha namba tisa. Hiki ni cha Omariba, yule mtu mkubwa anayengoja kiti tangu aanguke."

Tecla aliishusha simu. "Sikujua," alisema.

"Utajuaje? Wewe ni picha."

"Ni kweli," Tecla alisema. "Mimi ni picha." Akaifuta hiyo aliyokuwa amepiga, mbele yao wote, na Wanjuhi akaona kwamba Nyabate sasa anamtazama yeye, si Tecla. Akaupokea mtazamo ule kama mtu aliyekuwa na kiu. Lakini ukweli nao ulikuwa umemkaa kooni: bila Tecla, kiti hiki kingebaki Fort Ternan, na bila ukurasa ule hata Nyabate asingejua pa kuuliza.

Jumamosi Wanjuhi hakungoja kura. Kiplangat alipofungua kitabu tu, akasimama.

"Stoo ihame. Msinipigie makofi, sijamaliza. Hakuna kiti kitakachotoka mpaka mimi nimepima. Na picha isitoke kabla sijasema kiti kimemkaa mtu. Mkikubali, huu hapa ufunguo. Mkikataa, pigeni kura yenu tupigane."

Walikubali. Jumatatu walihamisha viti kimoja kimoja kuvuka barabara, wazee wawili na magurudumu yanayolia. Katikati ya njia Tecla alisimama kupumua.

"Mama Njenga. Bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Sukuma kiti, Tecla. Lori la majani linakuja."