Breki ya Mchuzi

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, hata la mbwa wa mlinzi wa geti. Siyaandiki, maana watu wa Sparkbrook, mtaa wetu huku Uingereza, wakijiona kitabuni hununa mwaka mzima.

Mjukuu wangu ni nesi. Kazini anahudumia wagonjwa wa moyo. Siku za mapumziko anakwenda uwanja wa mashindano ya magari kuutafutia moyo wangu maradhi. Siku ile alikuwa na mtihani. Akipita, anaruhusiwa kushindana. Akishindwa, anabaki mtazamaji kama mimi. Usukani anaujua, gia anazijua. Tatizo lake breki.

Mwalimu wake, Mwingereza mpole mwenye mashavu mekundu, akanieleza kwa mikono utadhani nami naingia mtihanini. Unaijia kona kwa kasi, unachelewa, unachelewa, kisha unakanyaga breki kwa nguvu zote mara moja. Gari linainamisha pua. Ukianza kukata kona ndipo unaachia mguu taratibu. Huyu wako anafanya kinyume: anaanza mapema, anaigusa kidogo kidogo kama anaomba ruhusa. Sijui nani kamfundisha.

Mjukuu alinitafsiria yote isipokuwa hayo ya mwisho. Hayo niliyaelewa mwenyewe.

Nani kamfundisha! Tangu apate leseni yeye ndiye dereva wa sufuria zangu. Kila arusi, kila khitma, kutoka kwangu hadi ukumbini Washwood Heath, mimi nimekaa mbele na mchuzi wa nazi mapajani, sufuria imefungwa kanga, mfuniko unacheza. Taa nyekundu ikionekana kwa mbali tu nasema, "Mguu, mama, mguu," naye anaanza kupunguza mwendo hapohapo. Halijamwagika tone. Wanawake wenzangu humsifu: dereva ndiye huyu. Kumbe tulikuwa tunamharibu.

Mzunguko wa kwanza akaanza breki mapema, laini kabisa. Nami nimeshika wavu wa uzio pale konani, nikaona raha. Wa pili vilevile, wenzake wakampita kama gari bovu. Akaingia pembeni, akafungua kioo, jasho linamtiririka ndani ya helmeti.

"Bibi, unasema mguu."

"Mimi? Niko huku, wewe uko huko!"

"Nakuona pale konani unakunja magoti kama unakanyaga breki."

"Nakunja kwa baridi."

"Bibi, please. Kaa ndani, geuza mgongo. Nimebakiwa na mzunguko mmoja."

Kumgeuzia mtoto mgongo siku ya mtihani! Sisi mtu akisafiri tunamsindikiza kwa dua hadi apotee machoni. Lakini nikaingia mkahawa wa uwanjani, nikaketi nikitazama mashine ya chai, mikono imeshika kingo za meza. Gari likaja likivuma. Nikangoja lipunguze. Halikupunguza. Mguu, nikasema moyoni. Halikupunguza. Nikafumba macho, na hapo matairi yakalia mara moja, kwa ufupi, mngurumo ukatokea upande wa pili wa kona, mzima.

Mwalimu akatia saini kwamba kapita. Mjukuu akaja mbio, helmeti kaikumbatia.

"Umeona, Bibi?"

"Sikuona kitu, mama."

"Vizuri," akasema, akinibusu kipaji cha uso. "Na kwenye mashindano utakuja hivyohivyo."