Vikopo vya Wali na Kigoda cha Jikoni

Fundi Viatu hakuwa mtu wa maneno. Miaka yote aliyokaa kibandani kwake, mteja akimletea kiatu alikigeuza, akaitazama soli, akasema, "Kesho." Kiatu kikiwa kimekufa alisema, "Hiki kizike." Basi. Maneno ya nyumba yake alikuwa nayo mkewe, tena alikuwa nayo ya kuwatosha wote wawili na akiba ikabaki.

Macho yalipokataa kuona tundu la sindano, alifunga kibanda. Nyundo akampa fundi mwenzake. Kigoda alikibeba kichwani mpaka nyumbani, akakiweka jikoni, pembeni ya mlango. Kilikuwa kifupi, kimelika katikati, kimeshika umbo lake kama kiatu kinavyoshika mguu. Kila jioni alikaa hapo. Mkewe alisimama penye jiko, akimpa mgongo, akikoroga wali wa maziwa, maana meno ya Fundi yalistaafu kabla yake na chakula kigumu hakikumpita tena. Wali ule hauachwi. Ukiuacha kidogo unashika chini. Kwa hiyo mama alikoroga na kuzungumza, akakoroga na kuzungumza: nani kahama, nani kanuna, bei ya sukari imepanda tena. Fundi alisema, "Enhe." Wali ukiiva, walikula. Siku ikaisha.

Mkewe akafa. Watu walikuja, wakalia naye, wakarudi makwao. Kilio cha wengi hakina muda. Cha mmoja ndicho hudumu.

Kisha akaunguza sufuria.

Majirani waliona moshi dirishani, wakavunja komeo. Walimkuta amekaa kwenye kigoda, machozi yanamtiririka kwa moshi, sufuria nyeusi tititi.

"Mzee, hukusikia harufu?"

"Nilisikia."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekaa."

Maneno hayo yalitoka nyumba ile yakafika kwa bintiye kabla moshi haujaisha. Yalifika yakiwa yamenona: mzee anapotea, mzee hajijui, mzee kakaa katikati ya moto anacheka. Binti alikuwa keshia kwenye duka kubwa, mwanamke wa kuamua haraka. Jumapili akaja na mumewe, dereva wa basi la shule, na binti yao mdogo, na mfuko wa vikopo.

Akatoa vya aina tatu, akavipanga mezani jikoni. Vikopo vya plastiki, vina vifuniko vya karatasi ya kung'aa. Kimoja kina picha ya ng'ombe. Kimoja kina mwanamke anacheka mpaka magego. Kimoja cha buluu, hakina picha.

"Baba," alisema, "huu ni wali wa maziwa. Umeshapikwa. Unafungua, unakula. Leo tunaonja wote. Utakachokipenda nitakuletea kila wiki. Na hili jiko na mtungi wake wa gesi tunaondoka navyo."

Fundi alilitazama jiko.

"Sitaki nipigiwe simu kazini niambiwe baba yangu kaungua. Nimeshapigiwa moja mwaka huu, ya mama. Inatosha."

"Haya," alisema Fundi.

Wakakaa kuizunguka meza. Fundi akavuta kigoda chake, ikabidi aonje kidevu kikiwa usawa wa meza kama mtoto. Mjukuu akacheka. Naye alikuwa kibogoyo wa mbele.

"Babu, mimi na wewe tunapendelewa leo. Hakuna kutafuna."

"Mume wako huyo," dereva alimwambia mtoto. "Mlishe."

Wakaanza na cha ng'ombe. Dereva alitia kijiko, akakiinua, maziwa yakamwagika yote, zikabaki punje mbili.

"Jamani, huu mchele umezama. Ulipiga kelele, hakuna aliyeusikia."

"Wewe onja, acha siasa," mkewe alisema.

"Nimeonja. Ng'ombe kaogeshwa humu."

Fundi akalamba kijiko. "Maji," alisema.

Cha mwanamke anayecheka kilikuwa kizito, kina harufu kali. Mjukuu alikunja uso.

"Kinanukia dawa ya meno."

"Ndiyo maana huyu anaonyesha meno," alisema dereva. Hata binti akacheka, akaziba mdomo, akakumbuka ni jikoni kwa mama yake.

Kikabaki cha buluu.

Wakachota kila mmoja. Wali ulikuwa laini, haukuvurugika. Utamu wake ulikuja polepole, ukakaa. Dereva alirudisha kijiko, akachota tena. Binti alitazama chini. Kila mtu pale alijua kitu kimoja, na kila mtu alikimeza pamoja na wali. Marehemu alikuwa na mkono mzito wa sukari, na maneno yakimkolea, mwiko ulisimama. Wali wake mara nyingi ulikuwa na harufu ya kuungua.

"Huu mtamu kuliko wa bibi," alisema mjukuu.

"We mtoto!" Mama yake alipiga meza, vijiko vikaruka. "Huna adabu?"

"Mwache," alisema Fundi. "Kasema kweli."

Akachota tena, akala, akapangusa ndevu.

"Hiki kizuri. Kuliko wake."

Binti alishusha pumzi. Aliitazama sura ya baba yake, akaona hadanganyi. Akasimama, akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Basi fungua mtungi." Dereva naye akainama, akashika kishikio cha mtungi.

"Ngoja kwanza," alisema Fundi.

Dereva akangoja. Fundi alikuwa anayatafuta maneno, na kwa mtu asiyeweka maneno ndani, kuyatafuta ni kazi.

"Siku ile ya moshi," alisema, "nilitia maziwa. Nikatia mchele. Nikawasha. Nikaja nikakaa hapa."

"Ndiyo, baba. Ukasahau."

"Sikusahau. Nilikaa nikangoja."

"Ulingoja nini?"

"Mwiko."

"Miaka yote mimi nakaa hapa. Yeye yuko pale, anakoroga. Siku ile miguu ilinileta nilipozoea. Nikasikiliza. Pale hapakuwa na mtu."

Binti alikaa chini tena. Dereva aliuachia mtungi.

"Kikopo kizuri," Fundi alisema. "Nakifungua. Nakila. Kimekwisha. Nje bado kweupe. Sasa mpaka nilale, nifanye nini?"

"Njoo ukae kwetu, baba."

"Mtakuwa kazini. Nitakaa na ukuta wenu. Wangu naujua."

"Lakini nikikuachia jiko, nitalala vipi mimi? Utakaa tena. Utangoja tena."

Hapo alikuwa na haki, naye Fundi alijua ana haki. Aliweka mikono magotini, akainuka taratibu, mfupa mmoja baada ya mwingine. Akakishika kigoda, akampa mkwewe.

"Jiko liacheni. Chukueni hiki."

"Baba, hicho ni kigoda chako cha kazi!"

"Kazi imekwisha."

"Babu, sasa utakaa wapi?" aliuliza mjukuu.

"Sitakaa. Nitasimama. Aliyesimama hangoji, anakoroga."

Binti alifungua mlango wa friji, akapanga vikopo vya buluu vilivyobaki mfukoni, akavigeuza vyote vitazame mbele kama anavyofanya dukani. Alipomaliza, aliendelea kusimama hapo, mlango wazi, baridi inampiga usoni. Kisha akaja akamshika baba yake mkono, akaondoka bila kuaga vizuri. Dereva alitoka na kigoda kwapani, kakishika kwa uangalifu, kama aliyebeba mtoto aliyelala. Fundi hakwenda mlangoni. Alisikia gari likiwaka, likakata kona, likaisha.

Pembeni ya mlango palikuwa na alama nne sakafuni, za miguu ya kigoda. Alizitazama. Akazipita.

Akawasha jiko. Akatia maziwa, akatia mchele, akasimama pale aliposimama mkewe. Akakoroga. Mwanzo mkono ulikwenda vibaya, maziwa yakaruka nje. Baadaye mwiko ukapata mwendo wake, ukasikika ule mkwaruzo mdogo chini ya sufuria. Akageuka, kama kuna mtu kigodani anayeusikiliza. Pembeni ya mlango palikuwa na alama nne tu.

Miguu ikachoka. Akaegemeza mkono wa kushoto ukutani, ukaangukia mahali palipolika. Rangi ilikwisha kabisa hapo, plasta inaonekana, laini kama soli ya zamani. Palikuwa chini kidogo kwa kimo chake. Mkewe alikuwa mfupi.

Aliujua mgongo wa mwanamke yule kuliko mkono wake mwenyewe. Ukuta huu hakuwahi kuuona.

Aliteremsha kiganja, akakiweka sawasawa pale.

"Walikuja," aliuambia ukuta.

Mwiko ukazunguka.

"Wameleta wali wa dukani. Kimoja kizuri kuliko wako."

Ukazunguka tena. Maziwa yalianza kuwa mazito.

"Usinune," alisema.

Wali ulishika kidogo chini, si sana. Aliula pale pale jikoni, amesimama.