Jirani Aliyeniita Maiti

Sisi tuliokulia kambi ya mkonge, upande wa Taveta, hatukununuliwa kitu cha kuchezea hata siku moja, na wewe mwenzangu kama ulikulia huko utanishuhudia. Mtoto wa bandia alikuwa gunzi la hindi lililovikwa nywele za mkonge. Kamba ya kuruka tuliisokota wenyewe juu ya mapaja, na mapaja yakawasha mpaka kesho yake. Mpira ulikuwa matambara, ukilowa unakuwa jiwe. Viatu hatukuvijua. Mwiba ukitukanyaga, mwiba ndio uliopata taabu.

Majina yao ninayo yote. Akinyi wa nyapara Odongo, aliyeweza kutoa machozi ya kweli ukimwambia tu, lia. Katana mwenye meno ya mbele, aliyekuwa padri katika kila mchezo kwa sababu baba yake alikuwa na kofia. Zuhura binti wa mpishi, mwenye mkono mwepesi, hakuja mchezoni bila viazi vitamu ndani ya gauni. Na Righa, kaka yangu niliyemfuata ziwa, asiyejua kusema uongo hata ukimlipa.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa matanga. Hatukuuona ubaya wake. Kambini watu walikufa, watu walizikwa, watu walikula wali, nasi tukaiga. Maiti nilikuwa mimi. Walinichagua kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, tena niliweza kulala kimya hata nzi akinitembelea puani. Wananifunga leso ya mama, Akinyi analia, Katana anaomba, Zuhura anagawa viazi. Kisha wanasimama mbali na kuniita mara tatu: "Maiti! Maiti! Maiti! Njoo ule!" Ya kwanza nanyamaza, ya pili nanyamaza, ya tatu naruka juu na kuwakimbiza. Nitakayemkamata ndiye maiti wa pili. Lakini mimi mbio zangu zilikuwa za kobe. Sikumkamata mtu, na hivyo nikabaki maiti muda wa miaka miwili.

Siku moja akapita Mwalimu Zefania wa kanisani na baiskeli yake. Akaona kijimwili kimefungwa leso, watoto wamejipanga, Akinyi machozi yanamtiririka. Akashuka. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ni wa nani?"

Righa naye, "Ni dada yangu, Mwalimu."

Mzee wa watu akapiga magoti mavumbini akaanza kuomba. Maombi yake mnayajua nyinyi wa kanisa lile, yalikuwa hayana mwisho. Viazi vikaanza kupoa. Siafu wakanipata shingoni, nikavumilia. Akinyi hakuvumilia, kiazi cha baridi kwake kilikuwa matusi. Akapaza sauti, "Maiti! Maiti! Maiti! Njoo ule!"

Nikainuka.

Mwalimu Zefania aliacha baiskeli, kofia na kiatu kimoja. Siku ya tatu ndipo alipotuma watu wazima wawili waje kuvichukua, mmoja wao ameshika panga.

Mama hakunipiga kwanza. Alinikalisha chini akaniambia, "Mghoi, jina huita. Ukikubali kuitwa hivyo, iko siku utaitwa na mtu asiyecheza, nawe utaitika." Baada ya kusema ndipo akanipiga. Tangu siku hiyo neno lile halikutoka tena kinywani mwangu. Nikaolewa, nikazaa, nikazika watu wangu, na kila msiba nilisema marehemu, nilisema mwili. Lile lenyewe, hapana.

Sasa niwalete Doha, huko Qatar.

Binti yangu Wakesho ni muuguzi huko. Alipojifungua Neema, likizo ikaisha kabla mtoto hajaota jino, na mumewe kazi yake iko Mombasa. Akanipigia, "Mama, njoo unishikie mtoto, la sivyo naacha kazi." Nikaenda. Anakaa mtaa wa Al Thumama, kwenye jumba lililokatwakatwa vipande kama keki ya arusi, kila kipande na mlango wake. Ndege zinapita chini chini hata Neema anazipungia mkono. Nje joto ni la kukaushia samaki, ndani baridi ni ya kuhifadhia samaki; mtu unachagua tu unataka kuwa samaki wa aina gani.

Asubuhi ya kwanza nikatoka kuanika nepi. Juu ya ukuta ikachomoza kofia pana kama ungo, na chini ya kofia uso wa mama wa Kizungu uliopakwa mafuta meupe kama nyumba inayopigwa chokaa. Akanitazama, akacheka na meno yote, akasema Kiingereza kirefu ambacho sikukipata hata kidogo, ila neno la mwisho nililisikia safi kabisa:

"Maiti!"

Kibanio kikaniponyoka mkononi. Miaka sitini na kitu! Nikajibu "Tenki yu," maana darasa la tatu, nilipoishia, tulifundishwa adabu. Nikaingia ndani na nepi zangu mbichi.

Kesho yake tena. "Hau a yu, maiti?" Jamani, anamjulia hali! Maiti aambiwe hajambo?

Getini kulikuwa na mlinzi wa makamo, Opio, Mganda, mtu mpole. Nikamwendea. "Baba Opio, yule mama wa ng'ambo ya ukuta ni mtu wa namna gani?"

"Ni Keri huyo, mama. Wa Australia. Mtu muzuri sana."

"Na wewe anakuitaje?"

Opio akatazama chini. "Hata mimi ananiita hivyo, mama. Kila siku. Mimi nilifikiria ni kwa sababu nasinzia kazini."

Nikajua tumeandikiwa wawili.

Basi nikaanza kumchunguza huyo Keri kutoka dirishani, na niliyoyaona niliyasimulia mpaka Taveta kwa simu. Anakwenda dukani miguu peku! Mtu mwenye gari, mwenye viatu vimepangwa mlangoni kama darasa, anakanyaga lami ya Doha na nyayo tupu kwa raha zake. Sisi tulitembea peku tukilia tupate viatu. Mwenzetu anavyo, kavipumzisha. Asubuhi anapaka mkate kitu cheusi kama grisi ya ekseli, halafu anafumba macho kwa utamu. Siku za Ijumaa wanajaa watu wa kwao uani, wanakoka moto wa gesi, na wanaume wote wanaizunguka nyama, mikono kifuani, wanaitazama kimya kama wazee kwenye kesi ya shamba. Hakuna anayeigusa ila mmoja mwenye koleo. Kila anayeingia anapigwa bega: maiti huyu, maiti yule. Nikahesabu maiti kumi na wanne, na sijapata kuona maiti wanaokula vile.

Ningeweza kucheka. Lakini Keri akaanza kuleta chakula. Wiki ya tano akaacha mlangoni sahani ya vipande vya keki nyeusi vilivyogaagazwa kwenye nazi. Nikaisimamia ile sahani. Maiti, njoo ule. Mama alisema nitaitwa na mtu asiyecheza. Sikuila ile keki. Nilimpa Opio, naye akaila yote, nikamwonea huruma.

Jioni nikamwambia Wakesho, "Nikatie tiketi. Nataka kwetu."

"Mama, umekuja juzi! Nimekukosea nini?"

"Kunde zangu zinataka kuvunwa."

"Kunde! Utaniacha na mtoto huyu kwa ajili ya kunde?"

Ningemwambiaje? Neno lenyewe siwezi kulitamka. Na mtu akifa ughaibuni, mwili wake unarudishwa kama mzigo. Mimi nilitaka kurudi na miguu yangu. Wakesho hakubishana. Alhamisi akaketi mezani na sare yake ya kazi, akaanza kuandika barua ya kuacha kazi, kazi aliyoisomea kwa mbuzi wangu kumi na mmoja na ng'ombe wa baba yake. Anaandika, anapangusa macho, anaandika. Nami nimembeba Neema, nimesimama nyuma yake kama gogo.

Mlango ukagongwa. Keri huyo, kofia na chokaa yake. Akasema maneno mengi, nikasikia Al Wakrah, nikasikia kesho, halafu akamshika Wakesho bega na kumwita, mbele ya macho yangu, maiti.

Mwanangu! Hapo uoga ukanitoka. Nikamvuta Wakesho kwa sare, nikamsukumia nyuma yangu. "Akiniita mimi sawa, nimekula chumvi! Wewe una mtoto mchanga! Usimwitikie!"

"Nisimwitikie nini, Mama?"

"Hilo neno analokuita!"

"Neno gani?"

"La mtu asiyepumua!"

Wakesho akanitazama mimi. Akamtazama Keri. Akarudi kwangu. Kisha akashuka polepole mpaka sakafuni, akakaa, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu akiwa na miaka tisa. "Mama! Mama yangu! Kwao hiyo ni rafiki! Ni kusema mwenzangu! Ni 'mate' ya Kiingereza, wanaitamka tu hivyo, wanavuta mdomo! Wiki zote hizi anakuita mwenzangu!"

Keri amesimama mlangoni haelewi. Wakesho akamweleza kwa Kiingereza, huku anajipangusa. Yule mama akaziba mdomo kwa mkono, uso ukamwiva chini ya chokaa. Akaja akanishika mikono yangu yote miwili, akasema kitu, sauti imemshuka.

Wakesho akanitafsiria. "Anasema wiki sita anajiuliza amekukosea nini, kila akikusalimia unakimbia. Anasema mumewe anatoka asubuhi, wanawe wako kwao mbali, na mchana kutwa hapa hana mtu wa kuongea naye."

Ndipo nilipomwona. Mama mtu mzima kama mimi, ndani ya nyumba ya baridi, akingoja nepi zianikwe upande wa pili ili apate wa kumsalimia. Nikaenda mezani, nikaichukua ile barua, nikampa Neema. Mtoto wa miezi sita karatasi haimshindi. Aliichana na kuila pembe.

Ijumaa, tulipotoka kanisani Abu Hamour, maana huko Jumapili yao huanguka Ijumaa, Keri na watu wake wakatupeleka pwani ya Al Wakrah. Watu wa Australia hawaendi pwani, wanahamia. Hema, viti, jiko, ndoo ya barafu, na ubao wa kupigia mpira. Opio naye ilikuwa zamu yake ya kupumzika, akaalikwa, akaja amevaa tai. Vijana wao, pamoja na watoto wa Kikenya tuliokutana nao kanisani, walikaa kivulini kila mmoja na simu yake, wameinamisha shingo kama kuku wanaokunywa maji. Bahari iko mbele yao, wanaitazama bahari ya kwenye kioo.

Nikawauliza, "Nyinyi mnacheza nini?"

Mmoja akasema, "Shosho, tunacheza. Tuko online."

Nikamwambia Wakesho anipe leso.

Nikalala juu ya mkeka, na miaka yangu yote, nikajifunika mpaka kidevuni. Nikaamuru: wewe lia, wewe omba, wewe gawa viazi, vile vya kukaanga vyembamba ndivyo vilivyokuwapo. Wakesho akatafsiri masharti, akicheka hata anakosa pumzi. Opio akavua kofia kwa heshima ya kweli, nikamwonya asilete maombi marefu. Na kwa sauti ya kuita nikamchagua Keri. Nani mwingine? Hakuna binadamu anayelitamka neno lile kwa moyo kama yeye.

Akasimama mbali, peku mchangani. "Maiti!"

Nikanyamaza. Nilifumba macho, nikasikia siafu wa zamani shingoni.

"Maiti!"

Nikamsikia Akinyi analia machozi yake ya kweli. Nikasikia Katana anasafisha koo. Zuhura, Righa. Nawataja kwa majina kwa sababu wao wote wameshaitwa na asiyecheza, na wote wameitika. Nimebaki mimi, aliyekuwa maiti wao.

"Maiti!"

Nikainuka. Magoti yakalia kama mlango wa ghala, lakini nikainuka, leso inapepea, nikawakimbiza. Simu zilitupwa mchangani, mwenzangu, ungeziona! Watoto wanapiga mayowe, wanaume wameiacha nyama peke yake. Keri akajaribu kukimbia, akazidiwa na kicheko, akaanguka magotini, nami kwa mbio zangu za kobe nikafika, nikamshika kofia. Mtu wa kwanza niliyemkamata katika maisha yangu.

"Sasa maiti ni wewe," nikamwambia.

Enzi zile mtoto hakuhitaji chaji, alihitaji wenzake wanne na kiazi kimoja cha wizi. Siku hizi mtoto ukimwambia alale kama maiti, anakuuliza kama hapo mtandao unashika. Sisemi enzi zetu zilikuwa nzuri, njaa ilikuwa njaa. Nasema tu kwamba mtu alikuwa na wa kumwita.

Kila asubuhi sasa naanika nepi kabla jua halijawa kali, na nyingine nazianika kavu, alimradi nitoke. Kofia inachomoza ukutani. Mama alisema kweli, jina huita. Keri ananiita, nami naitika:

"Naam, maiti. Umeamkaje?"