Fundi Biubwa na Mtandao Usio na Mkubwa

Fundi Biubwa wa Kisarawe hapendi kuongozwa, na hilo si siri. Ana miaka hamsini na miwili, duka la kutengeneza simu karibu na stendi, na mdomo ambao wateja wameshauzoea. Ukimletea simu iliyoingia maji atakuuliza kama ulikuwa unaoshea vyombo. Lakini simu utaipata, na itawaka.

Chuki yake na wakubwa ilianza siku ukurasa wake ulipofungwa. Alikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa, wateja elfu nne, miaka sita ya picha na maongezi. Asubuhi moja anaamka, hakuna. Eti amevunja kanuni. Kanuni gani? Haikusemwa. Akaandika kulalamika, akajibiwa na mashine. Akaitukana mashine, mashine ikamshukuru kwa maoni yake. Jamani, mtu mzima alilia siku ile, tena mbele ya wateja.

Ndipo Mwalimu Telesphory, mstaafu wa Kibaha aliyefundisha fizikia mpaka akawa anaitumia hata kununulia nyanya, akamletea habari za mtandao usio na mwenyewe. Kila mahali pana seva yake, yaani kompyuta inayotunza maandishi ya watu wa pale, na seva zote zinapelekeana habari. Makao makuu hakuna. Ukimchoka mtunzaji wako, unafungasha virago na kuhamia seva nyingine, na marafiki zako hawakupotei. Biubwa alichukua kompyuta kuukuu, akaipuliza vumbi, akaiweka chini ya meza ya duka, na watu themanini na wanne wa Kisarawe wakaingia. Kanuni aliziandika mwenyewe: usitukane mtu, usiuze dawa za nguvu, na umeme ukikatika usimpigie fundi. Seva ya Kibaha ilikaa kwa Mwalimu. Ya Msimbu ilikaa kwa Bi Mwanaamina, mama mkulima wa mihogo, kwa kuwa ndiye mwenye sola kubwa.

Wakaishi hivyo mwaka mzima, raha mustarehe, mpaka ilipokuja kampuni ya chakula cha kuku kule Kwala. Iliingia kwa adabu, ikafungua seva yake kama mtu yeyote. Ila ya kwao ilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na picha zilifunguka hata hujamaliza kubonyeza. Watu wakaanza kuhama, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa mafungu. Katika watu elfu tatu wa mtandao mzima, elfu mbili na mia sita wakawa kwa wauza pumba. Hapo kampuni ikatoa tangazo: seva yoyote isiyokubali kanuni zake na matangazo yake ya kuku, kuanzia mwezi ujao haitapelekewa habari wala kupokelewa.

"Mtandao hauna mwenyewe," alisema Biubwa, "ila mwenye kiyoyozi anao!" Alitaka kucheka, akashindwa. Alikumbuka asubuhi ile ukurasa wake ulipofungwa. Safari hii wangefungiwa nje watu wake themanini na wanne, ambao hakuhama hata mmoja, na wote walimwamini yeye.

Mwalimu akaitisha mkutano pale Kibaha, wa kutangaza kwamba mtandao hauna mkubwa. Na hapo ndipo tulipojikwaa, maana sisi tunajijua. Mkutano unataka turubai na viti, turubai na viti vinataka mgeni rasmi, na mgeni rasmi ndiye anayevilipia.

"Umemwalika nani, Mwalimu?"

"Athanas."

"Athanas yupi?"

"Afisa uhusiano. Wa kampuni."

Biubwa aliweka bisibisi chini. "Mwalimu, shikamoo nimeshakupa, heshima nimeshakupa. Sasa nikuulize, una akili timamu?"

"Sasa Bi Biubwa, tukutane bila mgeni rasmi, tuonekane tuko msibani? Analeta na pilau. Wewe utasoma risala, una sauti."

Siku ikafika. Athanas akakaa meza kuu, katikati ya chupa mbili za maji, macho kwenye simu. Risala Mwalimu aliiandika kama risala zote: kumkaribisha mgeni, kumsifu, historia fupi, mafanikio, na mwisho changamoto, yaani yale anayoombwa mgeni ayatatue. Biubwa akasoma vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, akakutana na haya: "Tunakuomba uwe mlezi wetu wa kudumu, na seva zetu ndogo uzichukue uzitunze." Akaikunja karatasi.

"Ndugu mgeni rasmi," akasema, "changamoto yetu ya kwanza ni wewe."

Makofi! Wengi hawakuwa wanasikiliza, walikuwa wanasubiri pilau.

"Ya pili ni tangazo lako. Tunaomba ulifute. Ya tatu, anayetaka kuhama kwenu aachwe aende na marafiki zake wote, kama alivyokuja nao. Naomba kuwasilisha."

Athanas akainuka, simu bado mkononi. Hotuba yake ilikuwa imeandikwa tangu juzi, naye akaisoma neno kwa neno. "Changamoto zote mlizozitaja nimezisikia, nimezipokea, na kampuni itazitatua zote kabla ya mwisho wa mwezi!"

Loh! Turubai lilitaka kuruka. Watu walikuwa wanarekodi, na kabla hajakaa maneno yake yalishafika kwenye seva zote, pamoja na ya kampuni. Akayaona kwenye simu, rangi ikambadilika, akakumbuka ana kikao Kwala. Hata pilau hakula. Haikupita saa moja tangazo likafutwa, kwa kuwa kampuni haikutaka kuonekana mwongo mbele ya wafugaji wanaonunua chakula chake.

"Mwenyekiti! Mwenyekiti!" watu wakapiga kelele, wakamsukumia Biubwa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Alikataa. Halafu akakaa, apumzishe goti tu. Kiti kilikuwa na mto. Mtu akauliza kama picha za harusi ziruhusiwe. Akajibu, tatu, zisizidi. Mwingine akauliza kuhusu siasa. Akajibu, aombe kibali kwangu kwanza. Mwalimu anaandika. Na Biubwa alisikia raha, tusidanganyane, raha tamu kweli.

Bi Mwanaamina akasimama. "Mwanangu Biubwa."

"Abee, mama."

"Kampuni ikituchosha tunakuja kwako. Sasa tukikuchoka wewe, twende wapi?"

Biubwa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akainuka, akamwambia Mwalimu afute yote aliyoandika, akaenda kukaa kiti cha plastiki ubavuni mwa Bi Mwanaamina.

Kile cha mbele kikabaki kitupu, na ndipo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: mkutano hufungwa na mkubwa wake, na mkubwa hakuna. Mwalimu alisema yeye ni katibu tu, hana mamlaka. Biubwa hakutaka hata kutazamwa. Basi watu wakakaa. Wakala pilau mara ya pili, wakaongea habari za mihogo na ada za shule, mpaka wenye turubai wakaanza kulegeza kamba juu ya vichwa vyao. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, na kwenye muhtasari wa Mwalimu mkutano ule unaendelea mpaka leo.